Jumanne ya Bendera Nyekundu

Bosomano, Jumatatu, 2 Mei

Naianza shajara hii kwa ushauri wa mwalimu wangu wa chuo kikuu, aliyeniambia kwamba mtaalamu wa hali ya hewa asiyeweka kumbukumbu ya kila siku ni sawa na mpishi asiyeonja mchuzi. Nakusudia kuendelea nayo mpaka tarehe thelathini Juni, mkesha wa serikali kuifunga bahari ili samaki wazaliane. Baada ya hapo kurasa hizi zitaambatanishwa na ombi langu la kwenda kusomea shahada ya pili. Kwa sababu hiyo nitaandika kwa nidhamu na bila porojo.

Leo nimekabidhiwa kituo: chumba kimoja juu ya ghala la barafu, kompyuta inayopokea picha za mawingu, na mlingoti wenye bendera tatu. Kijani, nendeni. Njano, tahadharini. Nyekundu, kaeni nchi kavu. Katika pwani yetu yote ya Wafante hakuna kituo kingine cha namna hii kinachoendeshwa na mzaliwa wa mahali penyewe.

Mama, ambaye maisha yake yote amebanika samaki kwa moshi, alisimama chini akinitazama nikijaribu kamba.

"Miaka minne chuoni, Fiifi, halafu umekuja kuanika vitambaa?"

Mdogo wangu Ebo, baharia, akacheka hadi akakaa chini. "Mama, mwache. Angalau hivi havihitaji sabuni."

Asiyecheka ni Mjomba Otu, kaka yake Mama. Ni mwenyekiti wa kamati ya pwani, na ndiye aliyesumbuka wilayani mpaka kituo kikaja. Ana mtumbwi mkubwa uitwao Abotare, yaani Subira, ambao msimu wa mvua huufunga ndani ya mlango wa mto, nyuma ya rasi, kwa kuwa mawe ya hapa yanaula mkuku. Alinishika bega akasema, "Fanya kazi yako, mpwa. Nikifa, Subira ni wako. Sitaki urithi wako uzame kwa ujinga wa watu." Kwetu mtu hamrithi baba yake, humrithi mjomba wake. Sijaona mjomba anayelikumbuka jambo hilo kwa upendo kama wangu.

Jumanne, 3 Mei

Jumanne hakuna anayeshuka baharini. Siku hii ni ya bahari yenyewe. Wavuvi hushona nyavu, na mashauri yote ya pwani husikilizwa barazani kwa Nana Kwansa, mkuu wa wavuvi. Mjomba alinipeleka huko nikazungumze.

Nilikuwa nimeiandaa hotuba yangu vizuri. Nilieleza mgandamizo wa hewa, nikaeleza unyevu, na nilipofika kwenye kanda za tufani zinazotoka mashariki, Kow Amissah, nahodha mwenye sauti ya tarumbeta, akanikatiza.

"Samahani, Bwana Upepo. Hicho kitambaa kikiwa chekundu, nami nikaenda, utanifanya nini? Utanipigia filimbi?"

"Atakushtaki kwa mawingu," mwingine akadakia, na baraza zima likaangua kicheko.

Mjomba aliinuka. Hakupandisha sauti. "Mwaka juzi tulizika watu watatu hapa. Wote walijua kuzisoma mbingu kuliko wewe, Kow. Mwacheni kijana amalize."

Hapo nikapata wazo ambalo naamini siku moja litatajwa katika machapisho ya taaluma yetu. Nikasema, "Nana, naomba bendera nyekundu iwe Jumanne."

Kicheko kilikatika. Nana Kwansa aliniangalia kama mtu anayemwona mgeni mlangoni.

"Unakijua unachokiomba? Jumanne haina nusu. Mtu haendi asubuhi akarudi mchana. Na aliyekwenda Jumanne haitwi. Ngoma haipigwi kwa ajili yake, wala mtumbwi hausukumwi kumtafuta, mpaka jua la siku hiyo lizame."

"Nakijua, Nana. Ndiyo sababu nakiomba. Bendera wataicheka. Jumanne hawataicheka."

Akamwaga kinywaji cha tambiko kizingitini. "Haya. Wewe ukisema ni Jumanne, ni Jumanne. Ukisema si Jumanne, si Jumanne. Kamba iko mkononi mwako."

Tukirudi, Mjomba alikuwa amefurahi kuliko mimi.

Jumamosi, 7 Mei

Bendera nyekundu ya kwanza. Asubuhi mbingu zilikuwa safi, bahari imelala, na watu walikaa juu ya mitumbwi yao wakinisonya. Alasiri wingu jeusi lilipanda kutoka mashariki, na upepo ukang'oa mabati mawili ya ghala. Kow Amissah mwenyewe alikuja chini ya ngazi akavua kofia. Akaivaa tena, akaenda zake.

Nilikula kwa Mama: dokono la unga wa mahindi lililofungwa kwa majani ya mgomba, na vibua wa kuchemsha kwa pilipili, wapya, macho yao angavu kama kioo. Nikaomba niongezewe. Siku ya ushindi hata chakula huwa na ladha nyingine.

Jumatatu, 9 Mei

Kijani. Mvua nyepesi. Nimejiwekea utaratibu wa kumpitia Mjomba kila jioni kabla ya kula. Ndiye mtu pekee mjini anayeuliza maswali ya kitaalamu. Wengine wanataka rangi tu. Yeye huuliza: upepo utaanza saa ngapi? Kabla ya hapo bahari itakuwaje? Na upande wa nyuma ya rasi? Namwonyesha picha kwenye simu, naye hutikisa kichwa taratibu. "Kumbe siku nyekundu si nyekundu yote," alisema leo. Nikamjibu kwamba amelielewa somo kuliko wanafunzi wenzangu kadhaa.

Jumanne, 10 Mei

Jumanne.

Jumatatu, 16 Mei

Nyekundu. Kesho ni Jumanne, kwa hiyo siku mbili mfululizo pwani italala njaa. Kow alinisimamisha sokoni mbele ya wanawake.

"Bwana Upepo, nasikia wiki ijayo utatuletea Jumanne tatu."

"Tufani haifuati kalenda, kaka Kow."

"Hata tumbo halifuati!"

Wanawake walicheka, ila si kicheko cha utani. Tufani ilikuja saa tisa alasiri kama nilivyomwambia Mjomba, lakini ilikuja dhaifu, na udhaifu wake umenidhuru kuliko nguvu zake.

Mama aliniandalia vibua wa kukaanga. Nilipomlalamikia juu ya watu wasioithamini elimu, alisema, "Kula kwanza." Ebo hakuwapo mezani. Mama alisema amechoka, amelala. Nikashangaa baharia anachoshwa na nini siku asiyokwenda baharini. Nadhani uvivu nao huchosha.

Jumanne, 17 Mei

Jumanne. Nimepokea barua pepe ya mwalimu wangu. Amevutiwa sana na habari ya bendera na mila, na ameniomba niiandikie makala.

Ijumaa, 27 Mei

Siku hii naiandika kwa aibu. Jana picha zilikuwa na utata: ukanda wa tufani ulikuwa mbali, na huenda ungegeuka. Mimi nilikuwa tayari kwa njano. Mjomba akasema, "Mpwa, njano ni rangi ya mwoga. Mtu akifa siku ya njano, utasema nini? Wewe usitazame midomo ya watu, tazama maisha yao." Nikaona ana hekima. Nikapandisha nyekundu.

Haikunyesha hata tone. Bahari ilikuwa kama sahani ya mafuta mchana kutwa. Watu walikaa ufukweni wakiiangalia, na sokoni samaki mmoja akauzwa kwa bei ya kuku. Bi. Tawia, mchuuzi mwenye ulimi mkali, alipita chini ya kituo na karai tupu kichwani, akaimba kwa sauti ili nimsikie: "Mwenye kuifunga bahari, aifunge na midomo ya watoto wangu!"

Mjomba alinifariji. Alisema kosa la kuokoa si kosa.

Jumanne, 31 Mei

Jumanne. Mvua tangu alfajiri. Nyavu zinashonwa ndani ya nyumba.

Jumamosi, 4 Juni

Nyekundu, nayo ilikuwa sahihi. Nilipokwenda kununua mshumaa, Bi. Tawia aliniambia, "Moshi wa jikoni kwa mama yako haujui Jumanne, au siyo, msomi?" Nikamshukuru na kumwambia kwamba Mama ni mchapakazi tangu zamani. Alinitazama kwa namna ya ajabu, akanipa mshumaa bure.

Alhamisi, 9 Juni

Lazima niandike leo, ingawa maji yanachuruzika kutoka nywele zangu hadi kwenye ukurasa.

Asubuhi nilipandisha nyekundu. Jana jioni nilikuwa nimemweleza Mjomba kwamba ukanda wa tufani ungetufikia mwisho wa alasiri, na kwamba mpaka hapo bahari ya nyuma ya rasi ingekuwa shwari. Lakini usiku ukanda ule uliongeza kasi. Kabla ya adhuhuri mashariki ilikuwa nyeusi kama sufuria, mitumbwi yote ya Bosomano imepandishwa juu, na mimi nimeketi kituoni nikijipongeza.

Nilimsikia Mama kwenye ngazi kabla sijamwona. Hajawahi kupanda pale. Mikono yake ilikuwa na masizi hadi kwenye viwiko.

"Shusha hiyo bendera."

"Mama, huoni mbingu zilivyo?"

"Naziona. Ishushe. Ebo yuko baharini."

Nikamwambia haiwezekani. Leo ni nyekundu. Ebo amelala.

"Ebo halali, Fiifi! Yuko ndani ya Subira, yeye na wenzake watano. Wametokea mlango wa mto."

"Tangu lini Subira unatoka siku nyekundu?"

Aligeuza uso akatazama dirishani.

"Kila Jumanne yako," akasema.

Nitaandika kwa utulivu, ijapokuwa utulivu sinao. Siku zile zote ambazo mji mzima ulikaa chini kwa neno langu, mtumbwi wa Mjomba ulikwenda peke yake, kwa saa nilizompa mimi, ukarudi kabla ya upepo, ukauza mahali ambapo hapakuwa na muuzaji mwingine. Mama aliwabanika samaki hao. Mimi niliwala wakiwa wapya, macho yao angavu, katika siku ambazo hakuna mtumbwi uliotoka. Mtu wa sayansi, mwenye shahada, sikujiuliza samaki wale wametoka wapi.

Nilimkuta Mjomba katika kibanda cha petroli ya wavuvi, ameketi juu ya pipa, ufunguo shingoni.

"Twende kwa Nana ukaseme," nilimwambia.

"Niseme nini?"

"Useme wako nje, ili ngoma ipigwe."

"Ngoma haipigwi Jumanne. Sheria uliileta mwenyewe." Alisema bila hasira, kama anayemkumbusha mtoto njia ya shule. "Tulia. Nahodha wangu si mgeni kwenye maji. Na Ebo amezaliwa Jumanne, bahari haimli ndugu yake."

"Mjomba, kuna watu sita mle!"

"Na mimi nikisema, Subira unachukuliwa. Mtumbwi ni wa nani ule? Wako. Unataka niuze urithi wako kwa mdomo wangu?" Kisha akaongeza, "Ulisema mwisho wa alasiri. Huu ni mwisho wa alasiri? Basi nani amekosea hapa?"

Nilikimbia.

Nana Kwansa alikuwa amesimama barazani, mvua ikimpiga miguuni. Nilimwambia yote kwa pumzi moja. Hakuonyesha mshangao, huenda hata yeye alikuwa amesikia habari za moshi wa jikoni kwa Mama.

"Leo ni siku gani, Fiifi?"

"Alhamisi, Nana."

"Bendera yako inasema nini?"

"Jumanne."

"Basi umejijibu."

Nikapiga magoti kwenye tope. Nikamwambia mmoja wao ni ndugu yangu wa tumbo moja.

"Kila anayekwenda ni ndugu wa mtu," alisema. Halafu akainama kidogo. "Sikiliza. Jumanne ya bahari sikuiumba, siwezi kuivunja. Lakini hii nyingine uliileta wewe, na nikakuachia kamba. Mimi sitakushika mkono."

Sikumbuki nilivyorudi. Kamba ilikuwa imelowa na fundo limekaza, nikaling'ata kwa meno. Nyekundu ikashuka. Lakini mlingoti mtupu hausemi lolote, si ruhusa wala katazo. Kwa hiyo katikati ya tufani, upepo ukinisukuma ukutani, nikapandisha kijani.

Chini watu walipiga kelele. "Amerukwa na akili! Bwana Upepo ameingiwa na upepo!" Kisha ngoma ikaanza.

Kow Amissah alikuja mbio hadi chini ya ngazi, kiganja kikikinga macho.

"We Bwana Upepo! Kijani hicho ni cha Mungu au ni cha kwako?"

"Ni cha Ebo!" nilimjibu. "Yuko nyuma ya rasi!"

Alisimama kidogo tu, akaelewa, akatukana tusi ambalo siliandiki. "Sukumeni!" akawapigia kelele watu wake. Mitumbwi miwili ikaingia kwenye yale mawimbi, mimi nikiwa nimeshika kamba kama mjinga, maana sikuwa na kitu kingine cha kushika.

Walirudi jua likizama. Waliwakuta wameng'ang'ania ubavu wa Subira uliopinduka. Wote sita wako hai. Ebo amevunjika mkono. Subira umepasukia miambani. Kow Amissah, wakati wa kuwavuta, vidole vyake viwili vilibanwa kati ya mtumbwi na mtumbwi, na havipo tena.

Ijumaa, 10 Juni

Nilikwenda zahanati. Ebo alilala, mkono umefungwa kwenye kijiti cha kushikilia mfupa. Nilimuuliza swali moja tu: kwa nini hukuniambia?

"Nikwambie nini tena, kaka? Mjomba alisema unajua. Alisema saa unampa wewe. Sisi kwenye mtumbwi tulikuwa tunakusifu." Akajaribu kucheka. "Tulikuwa tunasema, huyu kweli kasoma."

Jumapili, 12 Juni

Sikwenda kanisani. Sikwenda kula.

Jumanne, 14 Juni

Shauri lilisikilizwa barazani. Mji mzima ulikuwapo, kwa kuwa ni Jumanne.

Nilikwenda nimevaa shati langu jeupe la mahafali. Nilidhani nakwenda kuwa shahidi.

Mjomba Otu alifika na kondoo amemfunga kamba, na chupa mbili za pombe kali kwapani. Kabla hajaulizwa, alisimama akakiri. Alisema amevunja katazo, amewahatarisha watoto wa watu, faini yake hii hapa mlangoni, na Subira umekwisha kuadhibiwa na bahari. Watu walinung'unika kwa kumhurumia. Hata mimi nilimhurumia.

"Ila, Nana," akasema, "mimi mbingu za kwenye kompyuta sizisomi. Kuna mtu alinijia kila jioni akiniambia bahari itakuwa shwari mpaka saa fulani. Muulizeni."

Nana akanigeukia. "Ulimwambia?"

"Nilimwambia, Nana. Aliuliza, nami nikamfundisha."

"Sisi mbona hukutufundisha?" mtu akauliza nyuma. Hawakuuliza, na mimi niliamini kwamba wao rangi inawatosha.

Mjomba aliendelea, sauti yake ya upole kama siku ile alipoitetea hotuba yangu. "Na muulizeni, nikifa leo, Subira ni wa nani?"

"Wangu," nikasema.

Nilisikia neno hilo likienda nyuma ya baraza, mdomo kwa mdomo, na linavyokwenda linabadilika. Wangu. Wake. Ni wake! Bi. Tawia alishika kichwa. "Ametufungia sisi bahari, akaifungulia mtumbwi wake!"

"Sikujua, Nana! Naapa sikujua unatoka!"

Ebo aliitwa. Ndugu yangu hajui kusema uongo, na siku hiyo ningependa angejua. Alisema, "Mjomba alituambia kaka anajua. Nami nilidhani anajua."

Kisha Nana akasema, "Aba. Wewe ndiye mama. Mtoto wako alijua, hakujua?"

Mama alikuwa ameketi upande wa wanawake, mikono mapajani. Ukimwacha Mjomba, yeye pekee ndiye aliyekuwa anajua kwamba sijui. Siku ile ya ngazi aliuona uso wangu. Alimtazama kaka yake, kisha akaitazama ardhi.

"Alikuwa anakula," akasema.

Nana akamwambia aseme kwa sauti.

"Siku zile zote alikula samaki mezani pangu, Nana. Na akaomba aongezewe."

Ni kweli tupu. Hakuna neno la uongo ndani yake, na sijapata kusingiziwa namna hiyo maishani.

Mtu mmoja akauliza iwapo mtaalamu anayepandisha kijani katikati ya tufani anafaa kushika kamba. Mjomba alitikisa kichwa kwa huzuni na kusema hilo nalo lilimshangaza. Kow Amissah, mkono umefungwa bandeji, aliombwa aseme yeye. Alisema, "Vidole vyangu viko baharini. Sijui kama ni vya Alhamisi au vya Jumanne. Mkijua, mtaniambia." Hakuna aliyecheka.

Uamuzi: bendera nyekundu si Jumanne tena. Anayetaka aifuate, asiyetaka asiifuate. Kondoo amepokelewa. Kamba itashikwa na kamati ya pwani mpaka wilaya ilete mtu mwingine. Mwenyekiti wa kamati ni Mjomba Otu.

Jumatano, 15 Juni

Nimekabidhi ufunguo. Mjomba alisema, "Usinichukie, mpwa. Mtu mzima akianguka, hushika kilicho karibu."

Jumapili, 19 Juni

Mama alikuja chumbani kwangu, akaketi kitandani bila kukaribishwa. Nilimuuliza kwa nini.

"Ulitaka niseme nini? Otu ni kaka yangu. Wewe una shahada, utapata mji mwingine. Yeye hana pwani nyingine."

"Na mimi ni nani kwako, Mama?"

"Wewe ni mwanangu. Mwana husamehe." Akainuka. "Kaka hasamehe."

Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Nadhani alilipima jambo hili siku nyingi kabla ya mimi kujua kwamba kuna mizani.

Jumanne, 21 Juni

Jumanne.

Jumamosi, 25 Juni

Kijani. Mjomba hupandisha kijani kila siku sasa. Zimebaki siku chache, na kila mtu anataka kuvua kabla bahari haijafungwa. Mwalimu wangu ameuliza makala imefika wapi. Sijamjibu.

Alhamisi, 30 Juni

Siku ya mwisho ya msimu, na siku ya mwisho ya shajara hii, ambayo sitaiambatanisha na ombi lolote.

Picha za mawingu nazitazama kwenye simu yangu mwenyewe. Mazoea hayakabidhiwi pamoja na ufunguo. Tangu alfajiri niliuona ukanda wa tufani, mnene kuliko ule wa tarehe tisa. Asubuhi ilikuwa safi. Mlingotini palikuwa na kijani.

Nilishuka ufukweni. Sikuwa na bendera wala hotuba. Nilikwenda mtumbwi kwa mtumbwi, nikimwambia kila nahodha maneno yaleyale: bahari ni shwari mpaka saa saba mchana, baada ya hapo itaua, rudini kabla. Maneno ambayo mwezi mzima nilimpa mtu mmoja, niliwapa wote.

"Umeshampitia mjomba wako kwanza?" mmoja akauliza, na wenzake wakagonga mbao kwa kicheko.

"Na leo urithi wako uko mtumbwi gani, Bwana Upepo?"

Kow Amissah hakucheka. Alikuwa anafunga fundo kwa vidole vitatu. "Saa saba?" akauliza, bila kunitazama.

"Saa saba, kaka Kow. Isipite."

"Mm." Akatema mate majini. "Sukumeni."

Walikwenda wote. Nilikaa juu ya ubao wa Subira ambao bahari iliurudisha, wenye herufi mbili za mwisho za jina lake, na Ebo akaja akaketi kando yangu, mkono wake ungali umefungwa. Jua lilipofika utosini, mtumbwi wa kwanza ukatokea, kisha wa pili, kisha mkururo. Ilipokaribia saa saba hapakuwa na hata mmoja nje. Kila nahodha alisema amerudi kwa sababu nyavu zimejaa. Hakuna aliyenitaja, hakuna aliyenitazama. Kow alinipita amebeba mashine ya mtumbwi begani, na alipokuwa sambamba nami alipunguza mwendo kidogo, kisha akaendelea.

Upepo ulikuja ukakuta pwani tupu. Kijani kilichanika, nusu yake ikaenda.

Ebo alinivuta mkono twende nyumbani. Sikuwa nimekanyaga jikoni mwa Mama tangu siku ya shauri. Mabati yalikuwa yanagonga, moshi umejaa, na Mjomba Otu alikuwa ameketi mahali pake, ananawa mikono kwa ajili ya chakula. Alinisogezea kigoda.

Mama akaweka sahani mbele yangu. Vibua wawili, macho yao angavu.

"Wa leo," akasema, kabla sijauliza. "Kila mtu alikwenda leo. Kula."

Nikamwambia nimeshiba. Sikuwa nimetia kitu kinywani tangu asubuhi.